Soli Laini za Katekista

Katekista wetu wa Kalembe hakuwa mtu wa kukuangalia usoni. Ungemsalimia njiani, "Tumsifu Yesu Kristu, Papa Katekista," naye angejibu "Milele, amina" huku ameinamisha macho, anasoma miguu yako kidole kwa kidole. Wageni walidhani ana haya. Haya? Yule? Baada ya amina angekuuliza mbele ya watu wote: "Mama, kisigino ya kushoto iko nakuuma, njo maana unakanyaga upande?" Na kweli ingekuwa inauma. Mimi aliniuliza hivyo siku niliyoletwa kwa wakwe zangu, bibi arusi mpya, nimepakwa mafuta, nimeinamisha kichwa kwa heshima. Nikasema moyoni, Mungu wangu, wameniozesha kwenye kilima cha wendawazimu.

Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na migomba tu, kwa hiyo nilimjua miaka mingi na nilimcheka miaka mingi. Alizaliwa wapi na nani, waulize ndugu zake. Mimi nitasema niliyoyaona. Kazi yake ilikuwa kufundisha sala, kuwatayarisha wanaotaka ubatizo, kuzika watu padri akiwa mbali, na kulima maharagi na muhogo kama sisi wote. Lakini ukitaka kujua moyo wake ulikaa wapi, ulikaa kwenye viatu. Hakuwa fundi wa kuuza, hakuuza hata kimoja. Alikuwa anatafuta kiatu chenye ulaini ndani, kiatu ambacho jiwe likikipiga kwa chini, mguu hausikii. Aliyatafuta hayo wakati sisi wengi tulikuwa hatujawahi kuingiza mguu ndani ya kiatu chochote, kigumu ao laini.

Sababu tuliijua, ingawa yeye aliisema mara chache. Wakati wa vita vya pili vya Wazungu, Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, aliwasukuma wanaume porini, upande wa Walikale, wakakate mpira. Katekista alikuwa kijana, ametoka kuoa. Chakula huko kilikuwa shida, na mke wake akawa anateremka kutoka Kalembe na mzigo wa muhogo mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, anampelekea mumewe ale asife. Kuteremka na kupanda, kuteremka na kupanda, juu ya mizizi na mawe, mpaka visigino vikapasuka kama udongo wa kiangazi. Kimoja kiliingia ugonjwa ndani kabisa. Vita viliisha, wanaume wakarudi, mpira ukaenda ulikokwenda, lakini Mama Katekista akabaki anatembea kwa vidole, na kila hatua anauma mdomo.

"Mupira njo ilikula miguu ya muke yangu," alisema Katekista. "Basi mupira njo itamurudishia."

Na kulikuwa na jambo jingine. Mama Katekista hakuwa mtu wa kilima, alizaliwa hukohuko porini, na mama yake mzazi alikuwa bado anaishi huko. Tangu miguu iharibike hakuwa amefika kwao. Salamu zilipanda na wachuuzi wa mawese, salamu zilishuka na wachuuzi wa mawese, mama na binti wakizeeka kila mmoja upande wake. Kwa watu wa kwao, mama akifa, binti wa kwanza njo anamuosha. Si mwingine. Mama Katekista alikuwa binti wa kwanza, na hiyo ilikuwa hofu yake, alinieleza mara nyingi tukipalilia: "Mama Feza, siogope kufa. Niko naogopa mama yangu aoshwe na mikono ya watu wa inje."

Kwa hiyo usidhani kile kiatu kilikuwa mchezo. Ingawa, wallahi, kilituchekesha.

Alianza na magamba makavu ya mgomba, akayapanga tabaka juu ya tabaka ndani ya kipande cha gurudumu la motokari. Laini! Kwa siku chache. Mvua ya milima yetu ya Masisi ilipopiga, yakaoza na kutoa harufu, mume wangu aliyevalishwa kwa majaribio akafukuzwa kwenye nyumba ya mama yangu mkwe. Akajaribu kuvu la miti. Akajaribu manyoya ya kondoo, yakajikunja yakawa mafundo. Alikuwa na desturi ya kumvalisha mtu kiatu kipya mguu mmoja na kiatu cha zamani mguu wa pili, kisha anamtwika gunia la maharagi ampandishe mlima. "Mguu zenyewe zitabishana," alisema. Basi ukiona njiani mwanaume mzima anachechemea, bega moja juu, bega moja chini, ukajua huyo ametoka kwa Katekista. Hata wenye heshima zao walikubali, maana huwezi kumkatalia mtu aliyekufundisha Baba Yetu.

Siku moja alikwenda misioni kwa mafundisho ya makatekista. Padri alikuwa na mto wa kupigia magoti, umetoka Ulaya, na Katekista aliutazama misa nzima badala ya kutazama altare. Misa ilipokwisha akabaki nyuma, akafungua mshono, akachomoa pamba iliyokuwa ndani, akashindilia majani makavu, akashona tena vizuri kabisa. Kesho yake padri akapiga magoti, akaanza kujikuna. Ikawa hivyo mpaka wakati wa maungamo, maana Katekista hakuweza kulala na dhambi, akaenda kuiungama kwa padri yuleyule aliyekuwa bado anajikuna. Kitubio chake kilikuwa kusali rozari nzima amepiga magoti juu ya kokoto. Tulidhani atarudi na aibu. Alirudi anachekelea.

"Kokoto imenifundisha," aliniambia. "Uzito ikikaa pahali moja, inaua. Ikitawanyika, unaweza kuibeba. Sitafute kitu laini, Mama Feza. Niko natafuta kitu yenye kutawanya."

Hapo njo utajua alivyokuwa. Mtu mkweli kuliko wote kilimani, na mwizi wa pamba ya padri. Alihubiri uvumilivu kila Jumapili, na jikoni kwake alitukana mpira kwa lugha tatu. Na yeye aliyetafuta kiatu cha watu wote alitembea pekupeku mpaka miguu yake ikawa na ngozi ya kifaru. Ukimuuliza mbona havai, alisema, "Muganga hanywe dawa ya mugonjwa."

Povu alilipata kwangu. Mimi nilikuwa mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na si kujisifu, watu walikuja mpaka kutoka Mweso. Unajua kasiksi inavyokamuliwa: ndizi mbivu ndani ya mtumbwi wa mti, unatia majani marefu, unakamua na kupiga, unakamua na kupiga, mpaka maji yatoke na povu jeupe lipande. Katekista alipita, akasimama. Akachuchumaa kando ya mtumbwi wangu. Akatia kidole kwenye povu, akakitazama.

"Hii iko na nini ndani?"

"Hewa tu, Papa Katekista. Unataka kuonja?"

"Hewa," akasema. "Hewa! Hewa hailemee mutu. Hewa haioze."

Akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo kila nikikamua, yuko, amechuchumaa, anatazama povu linavyopanda na linavyoanguka, hanywi hata tone. Eti nani angeamini? Habari zikafika misioni kwamba katekista wa Kalembe anashinda kwenye pombe ya Mama Feza. Padri akaja mwenyewe, jasho limemwagika, akamkuta amechuchumaa palepale. Karibu amvue kazi. Nilisimama, mikono imejaa ndizi, nikaapa kwa Bikira Maria kwamba huyu mtu hajawahi kunilipa wala kunywa, anakuja kuangalia hewa. Padri akatutazama wote wawili kwa huruma, akaondoka.

Bondeni chini ya kijiji kulikuwa bado na kamba za mwitu, ile mimea inayopanda mitini, zenye maziwa ya mpira. Katekista alizichanja, akaleta maziwa kwenye chungu, akatia sabuni iliyokunwa, akaanza kupiga kwa majani kama mimi nipigavyo ndizi. Povu likapanda. Likaanguka. Akapiga tena. Alishinda misimu na misimu akitafuta dakika ya kutia maji ya ndimu: ukiwahi, linaganda donge, ukichelewa, limekwisha kufa. Mkewe alikaa kizingitini akichambua maharagi, anamwangalia mtu mzima anavyogombana na chungu.

"Baba, acha," alimwambia siku moja. "Nilishazoea maumivu yangu. Inakaa tu na mimi kama wifi mubaya."

"Hapana. Utaenda kwa mama yako na miguu yako mwenyewe. Mimi njo nilikuvunja, mimi njo nitakusimamisha."

"Haukunivunja weye. Ni ile vita."

Akapiga povu.

Halafu ikatoka. Siku aliyoniita nikaone, alikuwa ameshika kipande cheupe, unene wa kidole gumba, ana hofu ya kukiangusha. Nilikibonyeza, kikarudi. Nikakibonyeza tena, kikarudi. Mama wee! Nilipiga vigelegele peke yangu pale jikoni. Akakikata kwa umbo la mguu wa mkewe, akakilaza juu ya gurudumu, akafunga kwa ngozi. Mama Katekista akavaa, akasimama. Akaweka kisigino chini, polepole, kisigino ambacho hakijagusa ardhi tangu vita. Machozi yakamtoka. Akazunguka nyumba, akaenda mpaka kanisani, akarudi, akaenda tena bila sababu, na Katekista nyuma yake, macho yote kwenye visigino, analia na kucheka bila kujifuta.

Sasa hapa njo panaponiuma mpaka leo.

Kile kiatu kilijaribiwa vizuri. Kalembe kilijaribiwa. Mume wangu alitengenezewa cha kwake cha namna hiyohiyo, akakivaa mpaka milima ya juu, kwenye baridi na ukungu, kikawa kigumu kidogo asubuhi, jua likitoka kinalainika. Katekista alifurahi, akasema baridi si kitu. Lakini chini hakukijaribu. Pori lile alikuwa ameapa, siku aliyorudi kutoka mpira, kwamba hatalikanyaga tena maisha yake. "Mimi na lile pori tulimalizana," alisema, na neno lake lilikuwa neno. Aliwatuma watu wapande. Hakumtuma hata mmoja ateremke, kwa sababu hakutaka hata kulifikiria. Mtu aliyefikiria kila kitu, jiwe, mvua, uzito, hakufikiria joto.

Ujumbe ulikuja na mchuuzi wa mawese: mama ni mgonjwa, anamwita binti yake, afanye haraka. Vijana wa kanisa wakajitolea papohapo kumbeba Mama Katekista kwa kipoyi, kile kiti cha kubebea, wakateremke naye kwa zamu. Walikuwa wazuri, wale vijana. Kipoyi walishakiazima. Katekista akasimama mlangoni akakataa.

"Muke yangu habebwe. Iko na viatu yake. Atafika kwao amesimama, mama yake amuone amesimama."

Mama Katekista alinitazama. Nami nilimwona anapenda: kuingia kwao kwa miguu yake, baada ya miaka yote ile, mbele ya mama yake. Akasema, "Tutaenda na miguu. Mama Feza atanisindikiza." Na Katekista akabaki Kalembe, kwa sababu ya kiapo chake.

Tulitoka alfajiri, na asubuhi ile sitaisahau. Alitembea mbele yangu! Alinitania kwamba mimi njo mwenye miguu mibovu. Aliimba nyimbo za kwao za utotoni ambazo sikuwahi kumsikia akiimba. Tulivyozidi kuteremka, miti ikawa mirefu, hewa ikawa nzito, nguo zikatushika mgongoni. Mchana akapunguza mwendo. Nikadhani amechoka. Akasimama, akasema, "Mama Feza, kuna kitu kiko nanishika."

Nikainama. Lile povu zuri lilikuwa limeyeyuka. Limekuwa ulimbo, ule ulimbo wenyewe wa kunasia ndege, umeingia kwenye nyufa za visigino vyake vyote viwili. Nikavuta kiatu, akapiga kelele. Tukaingia mtoni, tukasugua kwa mchanga, kwa majani, kwa mawese tuliyoomba kwa wapita njia. Kilipotoka, kilitoka na ngozi. Alikaa pale juu ya jiwe, damu inakwenda na maji, na nilidhani atamlaani mumewe. Alisema tu, "Twende. Nitatambaa." Akatambaa kweli, mpaka nikakimbia mbele kutafuta kijiji, na watu tusiowajua wakatengeneza machela ya miti, wakambeba. Lakini muda ulikuwa umekwenda. Kwa kipoyi tungekuwa tumefika.

Tulikuta wamekwisha kuzika. Majirani walimuosha mama yake. Walifanya vizuri, kwa mikono ya huruma, na walimweleza kila kitu: maji yalikuwa ya uvuguvugu, nguo ilikuwa nyeupe. Akawashukuru mmoja mmoja. Kisha akaomba apelekwe kaburini, akamwaga maji ya kibuyu kizima juu ya udongo, akapapasa ule udongo kwa mikono yote miwili, kutoka kichwani mpaka miguuni. Mimi niliangalia pembeni.

Alirudishwa Kalembe kwa kubebwa. Katekista aliona visigino kabla hajaona uso. Alivunja vyungu vyake, na Jumapili ile alishindwa kuongoza sala, akasimama mbele, akafungua mdomo, akakaa. Kwenye mtumbwi wangu hakuja tena. Nilikamua kasiksi peke yangu, na povu, nilikuwa nalimwaga haraka nisilione.

Baadaye aliteremka. Ndiyo, yule wa kiapo. Aliondoka peke yake, pekupeku, akaenda mpaka kwa wakwe zake kuomba msamaha. Walimpokea, wakampa maji, wakampikia. Aliporudi alinisimulia jambo moja tu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alimuuliza bila hasira: "Shemeji, njia uko naijua kuliko sisi. Juu ya nini haukumuleta weye mwenyewe?"

"Ulimujibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimuambia nilikuwa niliapa."

"Na yeye?"

"Akaniambia, Shemeji, kiapo yako ilimukataza muke yako mama yake. Akanisukumia sahani, akaniambia nikule, chakula iko napoa."

Miaka ikaenda. Watoto wakakua, wakaoa. Viatu vikawa vingi, hata walimu wadogo wa shule walivaa. Miaka mingi baada ya Wabelgiji kuondoka, nilikwenda Mweso kumtazama mtoto wangu aliyelazwa hospitali, na Katekista, mzee sasa, mvi mpaka nyusi, alikuwa ananisindikiza kwa ujirani. Kando ya barabara palikuwa na duka, na dukani palikuwa na viatu vya turubai, soli za mpira, na ndani ya soli kipande cheupe chenye vitundu vidogo vidogo. Katekista akasimama. Akaingiza dole gumba, akabonyeza. Kikarudi.

"Hii inayeyuka ku joto?" alimuuliza mwenye duka.

Mwenye duka akacheka. "Mzee, hii wanavaa mpaka Walikale, mpaka Kindu. Iyeyuke vipi?"

Nilitaka kumshika mkono tuondoke. Hakukubali. Alichagua vya kike, bila kupima, kwa macho tu, akalipa, akavifunga ndani ya shuka lake. Njia nzima ya kurudi alitembea haraka, kama kijana. Mungu anisamehe, nami nilifurahi. Nilisema, angalau hii moja.

Tulimkuta Mama Katekista uani, ameketi juu ya mkeka anachambua maharagi. Katekista akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, akashika mguu mmoja, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akauvalisha. Akavalisha wa pili. Vikamtosha. Mama Katekista akashika bega la mumewe, akasimama, akatembea mpaka kwenye migomba yetu, akageuka, akarudi. Alikanyaga mguu mzima, kisigino na vidole.

"Inauma?" akauliza Katekista kutoka chini.

"Hapana, Baba. Haiume."

"Iko laini?"

"Iko laini. Vile ulikuwa unasema siku zote."

"Basi!" Uso wake wote ukafunguka. "Basi sasa unaweza kwenda!"

Mama Katekista akamtazama kwa upole ambao sijauona kwa mwanamke mwingine. Akamwekea mkono kichwani.

"Kwenda wapi, Baba?" akasema. "Ule mwenye alikuwa ananiita, alishanyamaza."